Mlonge, manjano na mionzi: nini hasa kinaweza kuzilinda mbegu za kiume?

Swali: Daktari, nina miaka 33 na nimegundulika kuwa na saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Baada ya wiki mbili naanza mionzi, vipindi 25, siku tano kwa wiki, huku nikimeza vidonge vya dawa ya saratani vya capecitabine, kisha nitafanyiwa upasuaji. Tuna mtoto mmoja na tunataka wengine. Mjomba ameniletea unga wa majani ya mlonge, unga wa manjano na chupa ya vidonge vya uzazi wa wanaume. Anasema kuna tafiti zinazoonyesha kuwa mimea huzilinda korodani na mionzi. Nitumie kiasi gani, na nianze kabla au baada?

Jibu: Ndugu, pole sana kwa ugonjwa. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kipindi cha kwanza, kwa sababu wiki mbili ulizobakiwa nazo zinaweza kukufaa kuliko unga wowote, na sehemu kubwa ya jibu hili inahusu namna ya kuzitumia. Nianze na ulichouliza. Hakuna kiasi cha mlonge, manjano au mmea mwingine kilichothibitishwa kumkinga mwanamume na madhara ya mionzi kwenye uzazi. Unga huo uweke kando mpaka matibabu yaishe. Vile vidonge vya uzazi usivimeze kabisa ukiwa kwenye capecitabine. Hapo kuna hatari ya kweli na nitaieleza.

Mjomba hajakudanganya. Tafiti hizo zipo, tena nyingi. Panya weupe wa maabara hupewa dondoo ya mmea kwa siku kadhaa, mwili mzima hupigwa mionzi ya gama kwa mkupuo mmoja, halafu huuawa kwa zamu ili korodani zao zichunguzwe. Nanaa, mshubiri, jinseng na Tinospora cordifolia (mmea wa tiba za asili za India) ni baadhi ya mimea iliyopitia njia hiyo. Mlonge nao ulijaribiwa kwenye kromosomu za uboho wa panya. Matokeo hufanana: panya waliopata dondoo hubaki na korodani nzito kidogo, mirija yenye seli nyingi zaidi, glutathioni zaidi (kinga ya asili ya seli), na uharibifu mdogo wa mafuta kwenye utando wa seli. Sina sababu ya kuyakataa matokeo hayo. Ila panya hao walijibu swali ambalo si lako, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu hapa.

Ukiitazama korodani kwa hadubini utaona mirija myembamba iliyojisokota, na ndani ya kila mrija seli zimejipanga kwa safu. Safu ya chini kabisa, iliyoegemea ukuta wa mrija, ni ya spematogonia, seli zinazogawanyika ili kuzalisha mbegu. Juu yake ziko spematositi, kisha spematidi, na kwenye uwazi wa katikati inaonekana mikia ya mbegu zinazokaribia kukamilika. Katikati ya zote zimesimama seli ndefu za Sertoli, ambazo ndizo walezi. Safari ya kutoka ukutani hadi katikati huchukua takriban siku 74, na mbegu hupita tena wiki moja hadi mbili kwenye epididimisi, mrija uliojikunja nyuma ya korodani, kabla ya kuwa tayari kutoka. Mionzi hulidhuru zaidi tabaka la chini, kwa kuwa spematogonia zinazogawanyika ni miongoni mwa seli zinazodhurika upesi zaidi mwilini. Safu za juu huendelea kukomaa kana kwamba hakuna kilichotokea. Hivyo mrija hukauka kuanzia ukutani kwenda ndani, na mwisho zinaweza kubaki seli za Sertoli peke yake zikizunguka uwazi mtupu.

Jambo hili limewapotosha wengi. Mwanamume anayepimwa manii wiki ya tatu au ya nne baada ya mionzi anaweza kukuta idadi nzuri kabisa, kwa sababu mbegu anazotoa zilikwisha kuvuka hatua dhaifu kabla hajapigwa. Akiwa alikunywa dawa ya majani, ataisifu dawa. Miezi miwili baadaye idadi hushuka, na kwa wengine hufika sifuri. Ukisikia ushuhuda wa namna hiyo, uliza kipimo kilifanyika baada ya muda gani.

Tunachojua kuhusu viwango kwa binadamu kimetoka kwa sehemu kubwa kwenye majaribio ya kusikitisha yaliyofanyiwa wafungwa wa majimbo ya Oregon na Washington, Marekani, kati ya 1963 na 1973, ambao korodani zao zilipigwa mionzi kwa makusudi. Mionzi iliyofyonzwa na mwili hupimwa kwa Grei. Kiasi kidogo kama Grei 0.1 hadi 0.15 kwa mkupuo hushusha idadi ya mbegu kwa muda. Kuanzia Grei 0.3 hadi 0.5 mbegu zinaweza kutoweka kabisa kwa miezi kadhaa. Chini ya Grei 1, kurudi katika hali ya awali huchukua takriban miezi 9 hadi 18. Kwa Grei 2 hadi 3, karibu miezi 30. Kwa Grei 4 na kuendelea, miaka mitano au zaidi, na kadiri kipimo kinavyokaribia Grei 6 ndivyo uwezekano wa utasa wa kudumu unavyokua. Seli za Leydig, zinazotengeneza homoni ya testosteroni, ni ngumu zaidi: kwa mtu mzima uharibifu mkubwa huja kwa kawaida baada ya Grei 20 na zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na nguvu za kiume kama kawaida na bado asiwe na mbegu hata moja.

Sasa tuje kwako. Uvimbe utapewa Grei 45 hadi 50 kwa jumla. Korodani hazimo ndani ya eneo linalolengwa, lakini zipo jirani, na zinapokea mionzi inayotawanyika mwilini na inayovuja kutoka kwenye kichwa cha mashine. Kwa saratani ya puru, jumla hiyo mara nyingi huwa Grei 1 hadi Grei kadhaa, ikiongezeka kadiri uvimbe unavyokuwa karibu na tundu la haja kubwa. Ukiigawa kwa vipindi 25 utapata sehemu ndogo tu ya Grei kila siku. Kwa viungo vingi kugawanya hivyo ni nafuu, kwani seli hupata muda wa kujikarabati. Kwa korodani ni kinyume. Seli shina, yaani spematogonia mama, zilizosalimika jana huamka na kuanza kugawanyika ili kujaza pengo, na zikiwa katika hali hiyo dhaifu hupigwa tena leo, na kesho, kwa wiki tano. Grei 2.5 zilizogawanywa hivyo zinaweza kuleta madhara ya muda mrefu kuliko Grei 2.5 za mkupuo mmoja. Jaribio la panya aliyepigwa mara moja na kuachwa apone haliwezi kutuambia chochote kuhusu hali hiyo. Zaidi ya hapo, panya hukamilisha kutengeneza mbegu kwa takriban siku 35 na hupona kwa kasi ambayo mwanadamu hana.

Kuna jambo la pili, nalo ni la kikemia. Mionzi ya eksirei inayotumika hospitalini hufanya takriban theluthi mbili ya uharibifu wake kwa kuvunja molekuli za maji na kuzaa radikali ya haidroksili, kipande cha molekuli chenye ukali mkubwa, ambacho huidhuru DNA. Radikali hiyo huishi kwa muda wa nanosekunde tu na hugongana na chochote kilicho karibu. Ili mmea uinase kabla haijafika kwenye DNA, kemikali yake lazima iwe tayari ndani ya seli, karibu kabisa na DNA, kwa wingi wa milimola nyingi. Seli tayari ina glutathioni ya milimola 1 hadi 10. Linganisha na kurkumini, kiungo hai cha manjano: wagonjwa waliowahi kupewa gramu 8 kwa siku walionyesha chini ya mikromola 2 kwenye damu (mikromola ni sehemu moja ya elfu ya milimola), yaani mamia hadi maelfu ya mara pungufu ya glutathioni iliyomo tayari. Tena hizo gramu 8 ni za kurkumini safi. Unga wa manjano una takriban asilimia 3 tu, kwa hiyo kijiko cha gramu 3 kina miligramu 90, na sehemu kubwa hupita tumboni bila kufyonzwa au hubadilishwa na ini.

Je, mbona panya walinufaika? Inawezekana kwa njia nyingine: dondoo iliyotolewa siku kadhaa mapema inaweza kuisukuma miili yao kutengeneza vimeng'enya zaidi vya kupambana na oksidi, na inaweza kupunguza uvimbe-joto unaoendelea kwa siku baada ya mionzi. Hilo ni eneo zuri la utafiti na ninatamani liendelee. Lakini kutoka hapo hadi kijiko cha unga kuna safari ndefu, na hesabu yenyewe inaonyesha. Tuseme panya walipewa miligramu 200 za dondoo kwa kilo. Kwa kanuni ya kawaida ya kubadilisha kipimo cha panya mdogo kwenda kwa binadamu tunagawanya kwa 12.3, tunapata miligramu 16 kwa kilo, yaani gramu 1.1 hivi kwa mtu wa kilo 70. Hizo ni gramu za dondoo kavu. Ikiwa gramu 100 za majani makavu hutoa gramu 10 za dondoo, utahitaji gramu 11 za majani, na bado hujui kama yaliyomo yanafanana, kwa sababu maabara huenda ilitumia pombe kukamua na wewe unatumia maji. Baadhi ya tafiti hazikumlisha panya kabisa. Dondoo ilichomwa kwa sindano ndani ya fumbatio, ikakwepa tumbo. Halafu nyingi hupima uzito wa korodani na vimeng'enya tu, bila kumpandisha dume kwa majike na kuhesabu watoto. Nionyeshwe dume aliyezaa watoto wa kawaida baada ya vipindi 25, kisha jaribio kwa wanaume wenyewe, hapo tutaongea habari ya kipimo.

Tuseme sasa kwamba unga huo una nguvu kweli. Hapo ndipo ningekuwa na wasiwasi zaidi. Kitu kinachosambaa mwilini na kuzikinga seli na mionzi kinaweza kuzikinga seli za saratani pia, na hiyo mionzi umeagizwa ili kuziua. Amifostini, dawa ya kinga ya mionzi iliyotokana na utafiti wa jeshi la Marekani, inakubalika kwa matumizi machache kwa sababu hubadilika kuwa kinga zaidi kwenye tishu zenye afya kuliko kwenye uvimbe. Hata yenyewe haijawa suluhisho la uzazi. Hakuna dondoo ya mmea iliyothibitishwa kuwa na uteuzi wa namna hiyo kwa binadamu. Na hofu hii haijatoka hewani. Katika jimbo la Quebec, Kanada, wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo walishiriki jaribio la vitamini E pamoja na beta-karotini wakati wa mionzi na baada yake. Ripoti zilizotoka 2005 zilionyesha madhara ya mionzi yalipungua kiasi kwa waliopewa vyote viwili, lakini kulikuwa na dalili za saratani kurudi zaidi, na wakati wa kumeza virutubisho hivyo saratani mpya zilikuwa nyingi zaidi. Beta-karotini ilisitishwa jaribio likiwa bado linaendelea.

Sasa vidonge vya chupa. Soma lebo yake. Virutubisho vingi vya uzazi wa wanaume vina asidi ya foliki, kuanzia mikrogramu 400 hadi miligramu 5. Capecitabine hugeuka mwilini kuwa fluorouracil, dawa inayokifunga kimeng'enya kinachotengeneza malighafi ya DNA. Foleti, vitamini ambayo asidi ya foliki ni aina yake, hukaza kifungo hicho. Madaktari wa saratani huitumia tabia hiyo kwa makusudi katika mipango fulani ya tiba, wakipunguza dozi kulingana nayo. Wewe ukiongeza asidi ya foliki bila daktari kujua, ni sawa na kupandisha dozi ya capecitabine kimyakimya. Matokeo ni kuharisha kupita kiasi, vidonda mdomoni, viganja na nyayo kuwa vyekundu na kuchubuka, chembe nyeupe za damu kuporomoka, na vifo vimewahi kutokea. Matibabu yakisimamishwa kwa wiki mbili kwa sababu ya madhara, uvimbe unapata nafasi. Majani ya mlonge nayo yana foleti. Mboga ya kawaida mezani haina neno. Vijiko vya unga kila siku ni jambo jingine.

Nitaje mengine kwa haraka. Utomvu wa mshubiri huendesha, na mionzi ya nyonga pekee inatosha kukuharisha. Vidonge vya dondoo ya manjano vimewahi kuumiza ini, na dondoo nzito ya chai ya kijani pia, hasa kuanzia miligramu 800 kwa siku za EGCG, kemikali kuu ya chai hiyo. Manjano ya unga yamewahi kukutwa yametiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na risasi ni sumu ya mbegu za kiume. Kama unatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, mwambie daktari leo, kwani capecitabine huipandisha nguvu hata bila mitishamba. Na usidhani kila mmea unaosifiwa ni rafiki wa korodani: mbegu za papai zimewahi kuondoa mbegu za kiume kabisa kwa nyani wa majaribio, mwarobaini umepunguza uzazi kwa panya, na gosipoli ya mbegu za pamba ilijaribiwa China kama kidonge cha kuzuia mimba kwa wanaume ikaachwa, kwa sababu ilishusha potasiamu na baadhi yao hawakurudia kuwa na mbegu.

Viungo vya kupikia endelea navyo kama ulivyozoea. Tangawizi, kitunguu saumu, manjano ndani ya mchuzi havina shida. Ninachokataza ni dozi za kidawa.

Sasa hizo wiki mbili. Kinachofanya kazi ni kuhifadhi mbegu kwenye benki kabla ya kipindi cha kwanza. Mimba za kwanza zilizotokana na mbegu za binadamu zilizogandishwa ziliripotiwa 1953, na kuanzia 1992 tunayo ICSI, njia ya kuingiza mbegu moja ndani ya yai kwa sindano nyembamba. Kwa sababu ya ICSI, hata sampuli dhaifu yenye mbegu chache hai inafaa kuhifadhiwa. Usikubali kuambiwa "manii yako ni mabaya, haina haja".

Kesho piga simu kwa daktari wako wa saratani, au fika mwenyewe, useme hivi: "Nataka kuhifadhi mbegu kabla ya mionzi, naomba rufaa ya haraka." Kama hospitali haina huduma hiyo, kliniki za upandikizaji mimba huwa nayo. Kwa kawaida utachukuliwa damu kupima VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, kwa kuwa sampuli hukaa kwenye tangi moja na za watu wengine. Omba damu ichukuliwe siku ileile unayopiga simu, kwani majibu yanaweza kula siku tatu.

Kabla ya sampuli kaa bila kumwaga kwa siku mbili au tatu. Ukikaa wiki nzima, idadi itaongezeka lakini mbegu nyingi zitakuwa zimechoka. Lenga sampuli mbili au tatu, kila moja ikitenganishwa na nyingine kwa siku mbili; ndani ya wiki moja unamaliza, na matibabu hayacheleweshwi. Ukiwa na nafasi ya moja tu, hiyo moja itoe. Sampuli hutolewa kwa kujichua, moja kwa moja ndani ya kichupa chenye mdomo mpana ulichopewa na kliniki. Osha mikono na uume, ujikaushe vizuri, kwa sababu sabuni na maji huua mbegu. Mate, mafuta na vilainishi visitumike. Kondomu za kawaida hazifai, nyingi zina vitu vinavyoua mbegu. Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi kuliko yote yanayofuata, kwa hiyo likimwagika nje usilikusanye, mwambie tu mhudumu ili aandike. Kama unatolea nyumbani, kichupa kifike maabara ndani ya saa moja, kikiwa kimekaa karibu na mwili, si kwenye barafu wala juani.

Maabara itaangalia ujazo, idadi na mwendo. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2021, kiwango cha chini cha kawaida ni mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 zinazotembea. Wenye saratani mara nyingi huwa chini ya hapo hata kabla ya tiba, kutokana na homa, kukonda na msongo, hivyo usishtuke. Sampuli huchanganywa na kimiminika chenye gliseroli, hugawanywa kwenye mirija midogo kadhaa, kisha huwekwa kwenye naitrojeni oevu yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Karibu nusu ya zinazotembea zinaweza kufa kwenye kuganda na kuyeyushwa. Ndiyo sababu tunataka mirija mingi. Omba igawanywe, isiwekwe yote kwenye mrija mmoja, ili kila jaribio la kupata mtoto liyeyushe kidogo. Kwenye fomu ya ridhaa utaulizwa sampuli zifanyweje ukifariki au ndoa ikivunjika. Kaa na mkeo mjibu pamoja kabla ya siku hiyo. Weka pia namba ya simu ya mtu wa pili, kwa sababu kuna sampuli zinazopotea kwa mwenyewe kukosekana wakati wa ada ya mwaka.

Ikiwa maumivu au mawazo yatakuzuia kutoa sampuli, sema bila aibu. Kuna kifaa cha mtetemo, kuna njia ya kuchochea kwa umeme ukiwa umelazwa usingizi, na daktari wa njia ya mkojo anaweza kuchukua kipande kidogo cha korodani kwa upasuaji. Usisubiri mpaka mionzi ianze ndipo utoe; baada ya vipindi vya kwanza mbegu zinaweza kuwa zimeumia DNA hata kama zinaogelea vizuri. Na kwako kuna sababu ya ziada: upasuaji wa puru unaweza kugusa mishipa ya fahamu ya kumwaga, manii yakaingia kibofuni badala ya kutoka nje. Benki inakukinga na hilo pia.

Jambo la pili la wiki hizi ni korodani zenyewe wakati wa mionzi. Mipango ya tiba hutengenezwa juu ya skani ya CT, siku chache kabla ya kuanza. Kabla ya skani hiyo mwambie daktari wa mionzi kwamba unataka watoto, na omba korodani zichorwe kwenye mpango kama kiungo cha kulindwa, wastani wa dozi yake uhesabiwe na uambiwe. Mara nyingi hazichorwi kwa sababu hakuna aliyeomba. Mpangaji akishaziona anaweza kubadili pembe za mionzi au kunyanyua mpaka wa chini wa eneo kama uvimbe unaruhusu. Kila sentimita inayoongezeka kati ya ukingo wa eneo na korodani inapunguza dozi.

Kuna pia kinga ya madini ya risasi yenye umbo la vikombe viwili vinavyofumbata mfuko wa korodani. Huzuia vizuri mionzi inayotoka kwenye mashine na ngozi ya jirani, lakini ile inayosafiri ndani ya mwili wako kutoka kwenye nyonga haizuiliki yote. Isitoshe, uvimbe ukiwa chini sana, kinga inaweza kuingilia eneo la tiba, na hapo daktari ataikataa kwa haki. Kosa linaloonekana mara nyingi ni dogo: mfuko wa korodani umelala mahali tofauti kila siku. Siku ya skani waombe wahudumu waandike umekaaje, kisha kila kipindi ukae vilevile, korodani zikiwa zimeshushwa mbali na nyonga. Kipima-dozi kidogo kinaweza kubandikwa kwenye ngozi yake kipindi cha kwanza ili kulinganisha na hesabu.

Kuanzia kipindi cha kwanza tumieni kinga ya mimba, hata kama umeambiwa utakuwa huna mbegu. Vituo vingi husema miezi 12 baada ya tiba, vingine 6, vingine hadi 24. Fuata cha daktari wako. Tahadhari hiyo ni kwa ajili ya mbegu zilizokuwa zikitengenezwa wakati wa mionzi. Kwa watoto wanaotungwa baada ya muda huo habari ni njema: ufuatiliaji wa watoto wa manusura wa Hiroshima na Nagasaki, na wa waliotibiwa saratani, haujaonyesha ongezeko la wazi la kasoro za kuzaliwa.

Pima manii mwaka mmoja baada ya tiba, pamoja na homoni za FSH na LH, ambazo ubongo huzitumia kuiamrisha korodani, na testosteroni. FSH ya juu na manii bila mbegu inamaanisha mirija bado haijaamka. Rudia kila miezi sita hadi kumi na miwili, kwa kuwa kwa dozi ya Grei 2 hadi 3 mwaka wa pili au wa tatu ndio unaoleta mabadiliko. Muda huo wa kungoja ndio wauzaji wa virutubisho hurudi. Jaribio la wanandoa 2370 lililochapishwa 2020 liliwapa wanaume miligramu 5 za asidi ya foliki na miligramu 30 za zinki kwa miezi sita; watoto waliozaliwa hawakuongezeka, na DNA iliyovunjika kwenye mbegu ilikuwa nyingi kidogo kwa waliomeza. Jaribio jingine la mwaka huohuo, lenye vitamini C, E, seleniamu, kanitini na likopeni ndani yake, halikuleta nafuu pia. Hao hawakuwa wagonjwa wa mionzi, lakini kama antioksidanti zimeshindwa kwenye korodani zisizopigwa, sioni msingi wa kuzitarajia kuotesha seli shina zilizokufa.

Na mtu akikushauri sindano ya testosteroni ili "kurudisha nguvu", kataa mpaka upimwe na useme wazi kwamba bado unataka mtoto. Testosteroni ya sindano huuambia ubongo uache kutoa FSH na LH, na korodani iliyoanza kuamka hulala tena. Upungufu wa kweli ukithibitishwa, kuna dawa nyingine ambazo daktari wa homoni anaweza kuzitumia bila kuzima utengenezaji wa mbegu.